Pini ya Stovu la Klara

Jumatatu, 2 Septemba 1974

Mitungi miwili ya gesi leo. Ngazi sitini na mbili kwa kila mtungi. Lifti imekufa tangu Sabasaba. Fundi alikuja, akaitazama, akanywa chai yetu, akaondoka. Mgongo wangu hata fundi wa kuutazama hauna.

Bushiri kapanda nyuma yangu. Kabeba spana. Spana moja! Na anaimba.

Mwalimu Evarista wa kisomo kasema tuandike kila siku, hata mistari miwili, tuandike yaliyo moyoni. Haya. Moyoni nina hasira.

Kazi yetu ni kupima maji ya visima. Ghorofa ya tatu, Mchafukoge. Mimi na Bushiri ni wabebaji. Kuna mashine imeletwa kutoka Ulaya. Jina lake refu, mimi naiita Jiko, kwa sababu ni jiko. Linakula gesi ile ya kuchomelea vyuma, moto wake wa buluu. Una chupa ya maji ya kisima. Unachovya mrija mwembamba kama mkia wa panya. Jiko linavuta. Maji yanapita kwenye kitundu kidogo sana, yanatoka ukungu, ukungu unaingia motoni. Maji yakiwa na chuma, mshale unaruka. Basi. Mtu wa kushika mrija kazi yake ni kutoa chupa hii, kuchovya ile.

Na anakaa. Kwenye stuli! Siku nzima amekaa!

Aliyekuwa akishika mrija, Anaeli, kahamishiwa Mwanza. Stuli iko tupu. Bi Josepha mkemia kasema Jumatatu ijayo atachagua mtu: mimi au Bushiri. Binti mdogo yule. Asubuhi ananiamkia shikamoo, kabla sijamaliza marahaba kanituma mtungi.

Stuli ni yangu. Nina miaka hamsini na mbili. Mgane. Klara alifariki mwaka juzi, sina wa kunikanda mgongo. Bushiri ana wake wawili, mmoja anakanda mbele, mmoja nyuma.

Akasema mbele ya watu, eti mtani, wewe na mtungi mmeshaoana, unatafuta talaka ya nini? Watu wakacheka. Sisi wa Songea na wao wa Pwani ni watani. Mtani hapigwi. Aliyeweka sheria hiyo hakumjua Bushiri.

Jumanne, 3 Septemba

Majaribio. Bi Josepha kasema kila mtu ashike mrija, aone mkono.

Kaanza Bushiri. Kachovya kama mwali anachovya tende. Moto ukabaki buluu. Bi Josepha akaitikia kwa kichwa.

Zamu yangu. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Nikachovya. Moto ukawa manjano! Manjano ya koroboi! Ukawaka vile mpaka Bushiri akarudi nyuma akifanya kama anaungua. Mnafiki.

Bi Josepha akaniuliza nimekula nini mchana. Swali gani hilo kazini? Nikamwambia ugali na papa. Akaniuliza kama nilinawa. Nikamwambia nilijifuta.

Akasema ni chumvi. Papa ana chumvi, kidole kimeshika ncha ya mrija, mrija umepeleka chumvi motoni, moto wa chumvi ni manjano. Nikamwambia, dada, moto hauna macho. Akamwambia Bushiri apitishe kidole shingoni, penye jasho, akichovye kwenye maji ya betri, yale masafi kabisa. Akayapeleka kwenye Jiko. Manjano!

Bushiri akasema, hata jasho langu linang'aa.

Nimerudi Magomeni kwa miguu. Nimekasirika mpaka nimepita nyumba yangu. Lakini njiani nimepata akili. Kama kidole cha chumvi kinaharibu, basi kidole cha Bushiri nacho ni kidole.

Jumatano, 4 Septemba

Mpango. Nimesaga chumvi ya mawe. Nimepaka kiganja changu cha kulia, juu yake mafuta kidogo ya papa ili ishike. Nimetembea toka Magomeni mkono uko mfukoni. Kariakoo wanabomoa na kujenga, vumbi tupu, mchukuzi wa mkokoteni kanipiga kikumbo, nikamtukana, mkono uko mfukoni vilevile. Nidhamu!

Nimemkuta Bushiri mlangoni. Nikampa mkono. Watu wa Pwani hawana salamu fupi. Habari za nyumbani, za wazee, za usiku, za kazi, mkono wake uko ndani ya mkono wangu, nami nasugua. Nikamuuliza na habari za shangazi yake, ambaye simjui. Akafurahi. Akasema mtani leo umeamka na heri.

Nikawa nacheka moyoni. Nikasema leo atawasha taa.

Tukapanda. Bi Josepha akasema jana alianza Bushiri, leo tubadilishe, haki sawa. Ndugu Pantaleo, kaa.

Nimekaa kwenye stuli mara ya kwanza maishani mwangu. Nimekaa na kiganja cha chumvi.

Manjano kama pilau ya harusi.

Bushiri akaenda kunawa, maana aliona mkono unanata. Akarudi, akashika, buluu. Bi Josepha kaniambia kwa upole nijaribu sabuni. Upole wake unaniuma kuliko tusi. Sabuni yenyewe dukani hamna, foleni tangu juzi. Nimenawa kwa majivu. Mkono umechunika.

Sheria ya haki sawa nani kaileta ofisini kwetu?

Alhamisi, 5 Septemba

Leo zimekuja chupa kumi na mbili za visima. Namba tisa ni kisima cha nyumba ninayopanga, cha Bi Sitara, mama mwenye nyumba. Nilimtekea mwenyewe. Bi Sitara kasema kisima hicho alichimba marehemu baba yake na maji yake hayana mfano mji huu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi ndiye ninayepima. (Bado kidogo.)

Kila mtu chupa sita. Bushiri akachuja. Akakunja karatasi ya kuchujia, akamimina, tone, tone, tone. Nimeona mtoto akizaliwa kwa muda mfupi kuliko huo. Nikamuuliza anachuja maji au anachuja nazi. Akasema mtani, mchanga mdogo tu unaziba kitundu. Nikasema nyie nazi ikianguka mnapiga ngoma siku saba, ndiyo maana kazi haziishi.

Mimi sikuchuja. Mrija kwenye chupa, haya, ingine! Chupa nne nimezimaliza yeye yuko kwenye ya kwanza. Bi Josepha hakuwepo, kaitwa mkutano wa tawi. Nikawa nasikitika haoni.

Chupa ya tano, Jiko likakohoa. Mshale ukalala. Mrija hauvuti tena. Nikaugonga. Nikaupuliza kwa mdomo. Nikaunyonya, kama unavyonyonya mpira wa mafuta ya taa. Hamna.

Bushiri akasema, mtani, umeliziba.

Nikasema limejiziba.

Bi Josepha karudi saa tisa. Katazama chupa zangu, kaona mchanga umelala chini. Akasema tuzime, kitundu kile si cha kuguswa na mtu, yeye mwenyewe atakiloweka kwenye dawa kesho mchana akirudi kutoka kwa mkubwa. Akasema tena: msiguse.

Chupa nane hazijapimwa. Jumatatu anachagua. Nimeliziba, basi stuli imeondoka.

Naandika hivi, stovu liko mbele yangu, la marehemu Klara. Linaziba kila siku ya Mungu. Mafuta ya taa ya siku hizi uchafu mtupu. Unachukua pini, ile waya kwenye kibati, unachoma kitundu, fyuu, linawaka. Klara alikuwa akifanya hivyo huku ananigombeza, wala haangalii mkono.

Kitundu ni kitundu.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimeshinda! Niandike taratibu.

Pini za Klara ziko kwenye kopo la kahawa. Ilibaki moja. Nimeifunga kwenye karatasi, mfukoni.

Leo asubuhi Bi Josepha hakupima chupa zake za mfano, Jiko limeziba na mashine ya akiba hakuna. Alizipima jana asubuhi, kaziandika kwenye daftari lake. Chupa za mfano ni zile anazojua zina chuma kiasi gani. Ndizo anazolinganishia. Leo kaenda kwa mkubwa.

Saa sita na nusu Bushiri kavaa kofia, kaenda msikitini. Akaniambia, mtani, zamu yangu nakuachia, lala tu, usiguse kitu. Kila mtu ananiambia nisiguse! Mimi mtoto?

Nikafungua. Kitundu kidogo kweli, kidogo kuliko cha stovu. Pini haikuingia. Nikailazimisha. Haikutaka. Nikaisukuma kwa kitako cha spana. Ikasema ti! Ikapita.

Pini ilitoka fupi kidogo. Pini za siku hizi.

Nikafunga. Nikawasha kama nilivyoona wakiwasha. Nikachovya mrija. Jamani! Jiko lilivuta! Lilivuta kama Wangoni kwenye pombe ya mavuno, niseme mwenyewe kabla Bushiri hajasema. Chupa ilikuwa inakauka nikiitazama. Moto ukaunguruma. Mshale uliokuwa umelala ukaruka juu mpaka nikasimama.

Bi Josepha karudi, kasikia mngurumo toka ngazini. Akauliza nani kazibua. Nikasema mimi. Akauliza kwa nini. Nikasema kwa akili. Bwana afya alikuwa pembeni anasubiri majibu, baiskeli yake iko chini bila mlinzi, anahangaika. Bi Josepha hakuwa na nafasi ya kugomba, wala ya kupima upya chupa za mfano. Akanikalisha kwenye stuli. MIMI. Nikamaliza chupa zote, na nne za jana nikarudia, na sita za Bushiri nazo. Yeye anasoma mshale, anaandika, anashangaa. Chuma, chuma, chuma. Bwana afya kachukua karatasi akaruka nayo.

Bushiri karudi kanikuta juu ya stuli. Nikamwambia marahaba. Wala hakuniamkia.

Jumamosi, 7 Septemba

Barua yangu ya likizo ilichukua miezi saba. Ya kisima imechukua siku moja!

Nimetoka kazini saa saba, nakuta bwana afya kapigilia ubao kwenye kisima cha Bi Sitara. MAJI MABAYA. Kapigilia misumari sita. Vimefungwa visima kumi na mbili vyote.

Bi Sitara kasimama uani, kanga kajifunga kiunoni. Anauliza Mungu. Anauliza majirani. Anauliza baba yake aliyekufa. Nani kayapima maji haya? Chuma kimeingia lini humu? Kilikuja kwa miguu? Kisha akanigeukia. Si ulisema wewe ndiye unapima?

Nikamwambia wanapima wakubwa. Mimi nabeba mitungi tu.

Akasema vizuri, kama wewe ni mtu wa kubeba basi beba. Wapangaji wengine wana wake na watoto, mimi niko peke yangu, sina udhuru. Bomba la karibu liko mwisho wa mtaa na foleni yake inapinda kona. Debe sita mpaka magharibi. Begani.

Kwa uzito, debe moja ni nusu ya mtungi. Nimepiga hesabu sikuipenda.

Jumapili, 8 Septemba

Misa. Padri kahubiri uvumilivu. Alinitazama.

Debe nane.

Jioni nimetaka kupika, stovu limeziba. Pini sina. Nimekula ndizi.

Jumatatu, 9 Septemba

Siku ya kuchagua. Nimevaa shati la Krismasi. Nimenawa mikono mara tatu.

Bi Josepha hakunitazama. Kaweka chupa ya mfano kwenye mrija, ile anayoijua chuma chake kama anavyojua jina lake. Mshale ukaruka mara mbili ya unavyotakiwa. Akaweka ingine. Mara mbili. Akazima Jiko. Nasikia magari ya chini barabarani.

Akafungua kwa chini, akamwaga maji machafu kwenye beseni.

Ti.

Mlio uleule.

Akakiokota kwa kibanio, akakiinua dirishani. Ncha ya pini. Akauliza, hiki nini?

Nikasema panya.

Bushiri akashindwa kujizuia. Mtani, akasema, panya gani tena? Si mliwala mkawamaliza wote huko kwenu Songea?

Bi Josepha hakucheka. Akauliza panya anatafuta nini na pini ya stovu. Anaijua! Kasoma Ulaya miaka minne, nami nikadhani kasahau stovu. Akasema kitundu kimepanuka, Jiko linakunywa mara mbili, mshale unasema mara mbili. Chuma cha visimani ni kidogo tu, hakina ubaya. Watu wa nyumba kumi na mbili wanabeba maji tangu Jumamosi bure. Akasema bure kwa sauti ndogo.

Nilitaka kumwambia najua. Bega langu linajua.

Akauliza kwa mara ya mwisho nani kaingiza pini. Hii ni barua ya kufukuzwa, sio ya onyo. Nikatazama viatu vyangu. Nikafikiria kurudi Songea na stovu kichwani.

Bushiri akasema, zamu ilikuwa yangu. Mimi nimeondoka nikamwachia mtani. Nisingeondoka, pini isingeingia. Ukimwandikia barua, andika mbili.

Bi Josepha akatutazama, yeye, mimi, yeye. Akasema hataandika hata moja. Ila stuli ni ya Bushiri, kwa mwezi mmoja wa majaribio, kwa sababu yeye kasema nusu ya ukweli na mimi sikusema hata robo. Nami nisiende karibu na Jiko, si mkono wala pua.

Kisha akanipa ile ncha kwenye kipande cha karatasi ya kuchujia. Akasema, chukua chako, Mzee.

Mzee! Wiki nzima nilikuwa Ndugu.

Ngazini nimemuuliza Bushiri kwa nini amejitia. Nimemuuliza kwa hasira, maana sikumwomba. Kasema, mtani, wewe ukifukuzwa mtungi atabeba nani? Mimi?

Akacheka mpaka ghorofa ya chini. Sasa kila nikitaka kumchukia inabidi nianze upya. Hilo nalo kalifanya makusudi, namjua.

Ncha nimeiweka kwenye kopo la kahawa. Ilikuwa pini ya mwisho ya Klara. Alikuwa kaipinda kidogo kwenye kibati ili isimponyoke.

Jumanne, 10 Septemba

Mitungi mitatu. Mitatu!

Bi Josepha kaweka kitundu kipya kutoka kwenye droo yake. Kasema ndicho cha mwisho, kingine mpaka meli. Bushiri kakaa kwenye stuli. Kaleta na mto! Kila nikifika juu nahema ananiambia pole na kazi, mtani, hivi mimi nakalia nini kama si jasho lako?

Bwana afya kang'oa ubao jana jioni. Bi Sitara kafanya dua ya shukrani, mwishoni kaomba aliyekisingizia kisima cha baba yake mkono umkauke. Watu wakasema amina. Nikasema amina, mkono mfukoni.

Nikadhani madebe yameisha. Akaniita kando. Kasema wakati huu wa bomba aligundua kitu: maji ya bomba yanaivisha maharage haraka. Basi niendelee tu, debe mbili jioni, mkono wangu una baraka.

Sasa nabeba mchana na jioni. Wiki iliyopita nilikuwa nabeba mchana tu.

Nimekaa nimefikiri sana leo, kama Mwalimu Evarista anavyotutaka, tujiulize tumejifunza nini. Nimejiuliza. Nimerudi kupitia Kariakoo, nikasimama kwa yule mzee anayetengeneza stovu kwenye kibaraza. Nikamwonyesha ncha, niliitoa kwenye kopo asubuhi. Akaigeuza, akacheka. Kasema hii nene, hii ya majiko makubwa ya hotelini, ndiyo maana ilikatika. Kwa kitundu kidogo unataka ile nyembamba.

Kumbe! Hilo ndilo lilikuwa kosa. Unene!

Nimenunua nyembamba mbili. Moja ya stovu la Klara. Nimelizibua sasa hivi, fyuu, linawaka vizuri, chai iko juu.

Ya pili nimeifunga kwenye karatasi.

Visima vya wiki hii vinatoka Buguruni, maji yake mchanga mtupu. Bushiri anachuja, lakini siku moja atachoka kuchuja. Kitaziba tu. Na Ijumaa saa sita na nusu lazima aende msikitini.